Nyuzi 25 Ambazo Mombasa Hatuna

Mwezi wa Mei 2011, saa mbili kasorobo asubuhi, simu ililia nikiwa nakunywa chai. Alikuwa muuguzi wa zahanati moja ya pwani, kaskazini ya Mtwapa. Hakunisalimu kwa marefu kama ilivyokuwa kawaida yake. "Mwalimu, friji imezima tangu usiku. Chanjo ziko nyuzi kumi na nane."

Chanjo hutakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8.

Mtambo ule wa sola niliuchora mimi, nikaufunga mimi na wanafunzi wangu. Miezi minne kabla ya simu hiyo nilikuwa nimechapisha makala katika jarida la kimataifa, nikasema betri zake zitadumu miaka mitano. Zilidumu miezi kumi na minne.

Kila mwaka vijana huja ofisini kuniuliza wafanyeje waingie katika utafiti wa umeme wa jua na upepo. Huwa nawaeleza kwa ufupi, kisha wakiondoka nabaki najuta kwamba sikuwaambia yaliyo muhimu. Basi haya ndiyo yenyewe, pamoja na yale ambayo hayapendezi kuyasema.

Nianze nyuma kidogo. Baba yangu alikuwa mtu wa zamu katika kituo cha kuzalisha umeme cha Kipevu, Mombasa, enzi za mitambo ya mvuke iliyochoma mafuta mazito. Tulikaa Changamwe. Nikiwa darasa la saba alinichukua siku moja alfajiri, akaniombea ruhusa kwa msimamizi wake, nikasimama kando yake kwenye kelele ile ambayo sikuwahi kuisikia popote. "Sikiliza," akanipigia kelele sikioni. "Mji unaamka sasa. Watu wanawasha pasi na majiko. Sikia mashine inavyohema." Nilitulia, nikasikia kweli. Sauti ilizama kidogo, kama mtu aliyeongezewa gunia mgongoni, kisha mvuke ukaongezwa ikasimama tena. Mbele yake palikuwa na ukuta mzima wa mita. Yeye alisikia kwanza, ndipo akainua macho kuangalia mita.

Siku ile niliamua nitasomea umeme. Ilinichukua miaka thelathini kuelewa kwamba alikuwa ananifundisha pia namna ya kuusoma.

Shahada ya kwanza niliipata Nairobi. Darasani tulikuwa wasichana watatu. Nikarudi Mombasa kufundisha, na mwaka 2003 nikapata ufadhili wa kwenda Glasgow kusomea uzamivu. Nilimwacha mtoto wa miaka mitatu kwa mama yangu. Niliporudi likizo ya kwanza, mtoto alijificha nyuma ya kanga ya bibi yake, akamuuliza huyu ni nani. Watu huzungumzia ada na nauli, na hilo hawaligusi. Anayekwenda nje na ana mtoto mdogo, namsihi aketi na familia kabla ya kukata tikiti, mjue pamoja ni nani atakayemsomesha Kurani, atakayempeleka hospitali, atakayemweka karibu na simu kila jioni hata kama hataki kuzungumza.

Utafiti wangu ulihusu namna mashamba ya upepo yanavyounganishwa na gridi dhaifu, yaani mtandao wa nyaya za umeme usio imara. Data ilikuwa ya Scotland, upepo wa Scotland, nyaya za Scotland. Miaka minne niliishi ndani ya kompyuta. Nilikuwa hodari, na nilipenda kazi ile. Ila sikuwahi kujiuliza swali ambalo sasa ndilo la kwanza ninalomuuliza mwanafunzi yeyote: ukirudi nyumbani na mada hii, kesho yake asubuhi utaifanyia kazi wapi, na kwa data ya nani? Nilirudi mwaka 2007 nikafungua kompyuta, na faili zangu hazikufunguka. Leseni ya programu ilikuwa ya chuo cha kule, na kuinunua peke yangu kulipita mshahara wangu wa miezi kadhaa. Ningejua mapema, ningejifunza Python, lugha ya kompyuta isiyo na malipo, tangu mwaka wa kwanza, kazi ikawa yangu popote nilipo. Ndivyo ninavyowafanyisha wanafunzi wangu leo.

Sasa nirudi kwenye zahanati.

Mwaka 2009 tulipata fedha kidogo za mradi. Niliuchora mtambo kwa uangalifu: paneli nane za wati 120, betri nane za risasi na asidi za ampea-saa 200, na inveta moja, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama stima ya kawaida. Mzigo ulikuwa friji ya chanjo, taa sita na redio ya mawasiliano, kama kilowati-saa mbili na nusu kwa siku. Uhai wa betri niliutoa kwenye karatasi ya mtengenezaji. Karatasi ile ilisema miaka mitano, na chini yake, kwa herufi ndogo, iliandikwa: kwa nyuzi joto 25.

Niliiona hiyo nyuzi 25. Niliisoma, nikapita.

Siku ya simu ile nilifika zahanati saa nne na nusu. Muuguzi alikuwa ameshazipeleka chanjo hospitalini kwa pikipiki, kwenye kisanduku cha barafu, na nyingine zikatupwa. Ilikuwa Jumatano, siku ya kliniki. Akina mama walikuwa wameketi chini ya mwembe na watoto mapajani, wanaambiwa warudi wiki ijayo, na wengine walikuwa wametembea tangu alfajiri. Hakuna hata mmoja aliyenijua, wala aliyenilaumu.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye kichumba cha betri. Kilikuwa kichumba cha mabati, juu mabati na kando mabati, ambamo zamani waliweka majembe. Mimi ndiye niliyekichagua, kwa sababu kilikuwa karibu na paneli na kingepunguza urefu wa kebo. Nilitundika kipimajoto nikakaa nje. Saa nane mchana kilisoma 43.

Betri ya aina ile, kwa makadirio ya kawaida ya mafundi, hupoteza nusu ya uhai wake kwa kila nyuzi kumi zinazozidi 25. Kwa nyuzi 40 ile miaka mitano inakuwa pungufu ya miwili. Hesabu hiyo mwanafunzi wa mwaka wa pili anaifanya kichwani.

Nikafungua vifuniko. Sahani za risasi zilizomo ndani zilikuwa zimejitokeza juu ya maji, nyeupe kwa salfeti, ukoko unaoiua betri. Nikamuuliza muuguzi maji ya betri, yale yaliyosafishwa yasibaki na chumvi, yalikwisha lini. Akaniambia Desemba. Kijana niliyemfundisha kuyajaza alikuwa amepata kazi hotelini Mtwapa, na aliyeshika zamu yake alijaza maji ya kisima. Visima vya ufuoni mnavijua, maji yake ni ya chumvichumvi hata kwenye chai. Kwa yule kijana maji ni maji, na mimi sikuacha hata karatasi moja ya Kiswahili ukutani yenye kumwambia vingine. Mwongozo niliouacha ulikuwa kurasa 40 za Kiingereza, ndani ya droo.

Kisha nikaona waya uliotoka dirishani. Mwisho wake palikuwa na soketi ya kuongezea, na juu yake simu kumi na moja zinangoja stima irudi. Kila simu shilingi ishirini. Pesa ile ndiyo iliyomlipa mfagiaji na kununua sabuni. "Mwalimu, usikasirike," muuguzi akaniambia. "Sikukasirika, Sista," nikamjibu, na ilikuwa kweli. Nilikuwa nimekwenda pale mara tatu kabla ya kuchora mtambo. Nilipima paa, nikapima kivuli cha minazi, nikapima urefu wa kebo. Sikuketi na mtu hata mmoja kumuuliza: umeme ukija, mtaufanyia nini?

Baada ya siku ile sikurudi tena kwa miezi minne. Nilimtuma fundi, nikatuma betri mbili za kuazima, lakini mwenyewe nilikwepa. Aibu inaweza kumfanya mtu aongeze kosa la pili juu ya la kwanza. Kama imekufika, nenda wiki hiyohiyo, hata huna la kusema. Muuguzi aliniambia baadaye kwamba kilichomuumiza zaidi ya friji ni kuona kwamba sikuja.

Ikabaki ile makala. Mwenzangu mmoja, mtu mwema, alinishauri niiache ilivyo, kwa kuwa hakuna atakayesafiri kutoka Ulaya kuja kuhesabu betri. Kwa wiki mbili nililala na kuamka nayo. Nilichokuwa nikikifikiria ni mtu fulani, Lamu au Mtwara au Msumbiji, anayesoma kwamba miaka mitano inawezekana, anachora zahanati yake kwa kutegemea maneno yangu. Nikamwandikia mhariri. Wakachapisha sahihisho la nusu ukurasa. Kisha nikaandika makala nzima ya jinsi mtambo ulivyokufa: joto, maji, simu, na yule kijana aliyehama. Ilikataliwa mara mbili, mara moja kwa maelezo kwamba haina jipya. Majarida yale ya kulipia, yanayokubali kila kitu ndani ya siku tano, yaliniandikia barua pepe za kunibembeleza, na nakiri nilishawishika, kwani faili langu la kupandishwa cheo lilikuwa mezani. Cheo kilichelewa miaka mitatu. Katika chuo sahihisho huonekana kama doa, na lazima ulijue hilo kabla ya kulitoa, uwe na kifua cha kulibeba. Makala ya kifo cha mtambo ilitoka mwaka 2013, na hadi leo ndiyo inayoniletea barua nyingi kutoka kwa mafundi walio kazini.

Tangu hapo niliweka sharti la kwamba hatuandiki namba ambayo hatukuipima hapa.

Tulipandisha paneli kwenye paa la maabara, tukafunga vipimajoto migongoni mwake. Paneli huuzwa kwa nguvu iliyopimwa ikiwa na nyuzi 25, chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa mita mraba. Kwa paneli tulizokuwa nazo, kila nyuzi moja juu ya hapo hupunguza karibu asilimia 0.4. Mchana wa Februari, kaskazi ikiwa imetulia, migongo yake ilifika nyuzi 64. Yaani jua lote hilo tunalojivunia, na asilimia kumi na tano imeshakwenda kabla umeme haujaingia kwenye waya. Tulipoziinua paneli tukaacha nafasi ya upana wa shibiri kati yake na bati, upepo ukapita chini, joto likashuka. Hiyo haigharimu ila vyuma virefu kidogo. Nikiona mtu amelaza paneli bapa juu ya mabati huko Kisauni au Nyali, moyo huniuma.

Kuna na mengine ambayo paa lile lilitufundisha. Wakati wa kusi, upepo huleta chumvi ya bahari. Ndani ya mwaka mmoja viunganishi vya nyaya za paneli, vile vya bei nafuu, vilikuwa na kutu ya kijani ndani kabisa, mahali ambapo jicho halifiki, na kimoja kiliyeyuka. Tuliona pia kwamba kuunganisha dume la kampuni moja na jike la kampuni nyingine ni kujitafutia moto, hata kama vinaingiana vizuri. Bolti za chuma cha pua zisikutane na alumini bila kitenganishi, chumvi ikiwepo alumini huliwa. Na kuna kunguru wetu wa Mombasa. Seli za paneli zimepangwa mfululizo kama bomba moja la maji, ukiliziba mahali pamoja maji yanapungua kote. Kinyesi cha kunguru juu ya seli moja kinaweza kunyamazisha theluthi nzima ya paneli, na seli ile yenyewe inachemka. Mvua huosha, lakini paneli iwe na mwinamo wa nyuzi kumi hivi. Hapa kwetu, karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta, jua halidai mwinamo mkubwa, ila maji yanataka mahali pa kutiririkia.

Vyombo vya kupimia vingi nilivinunua kwa fedha yangu. Mume wangu na mimi tuligombana vibaya mwaka ule, kwa sababu karo ya muhula ilikuwa inasubiri, na alikuwa na haki. Nisingependa mtu afuate mfano huo. Kama mfadhili hataki kulipia upimaji wa miaka miwili baada ya kufunga, mradi huo mwambie hapana. Mimi siku hizi husema hapana. Na ukiagiza vifaa kutoka nje, hakikisha namba ya modeli ni ileile, herufi kwa herufi, kwenye ankara, kwenye orodha ya vifurushi na kwenye barua ya msamaha wa kodi. Shehena yetu moja ilikaa wiki saba bandarini kwa tofauti ya herufi mbili, na malipo ya kuhifadhi yakakaribia bei ya vifaa vyenyewe.

Mwaka 2013 tuliijenga upya ile zahanati. Safari hii nilikaa siku nne, nikalala kwa muuguzi. Chumba cha betri tulikijenga kwa mawe ya matumbawe, kikawa na dari, na matundu ya hewa chini na juu, kwani gesi inayotoka kwenye betri hizo ni nyepesi hupanda, ikikusanyika inaweza kulipuka. Mchana wake kilisoma 31. Simu tuliziwekea paneli yake na betri yake, mbali kabisa na friji, na mapato yake yakaandikwa daftarini: nusu ya zahanati, nusu ya kununulia maji ya betri. Watatu walifundishwa badala ya mmoja, wawili kati yao wanawake wenye nyumba na watoto palepale kijijini. Betri zile zilifika mwisho wake 2018. Siku hizi tumefunga za lithiamu, ambazo hazitaki maji, lakini joto nazo haziliwezi, muuzaji akikuambia vingine usimwamini.

Upande wa gridi kubwa nilirudi taratibu, nikiwa nimebadilika. Shamba la upepo la Ziwa Turkana, mitambo 365 ya jumla ya megawati 310, lilikamilika 2017, likangoja njia ya umeme ya zaidi ya kilomita 400 mpaka Septemba 2018 ndipo likaunganishwa na gridi. Nililisoma darasani kama zahanati yangu iliyokuzwa: mtambo mzuri haufai kitu mpaka kila kinachouzunguka kiwe tayari.

Na usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima. Nilikuwa barazani kwetu Tudor. Taa za ng'ambo zilizima, kukawa kimya mpaka jenereta za majirani zikaanza kunguruma moja moja. Nilimkumbuka baba na mashine yake inayohema. Rota, yaani kile chuma kizito kinachozungushwa na mvuke au maji ndani ya mashine, inapozunguka huwa na mwendo uliojilimbikiza ndani yake. Kituo kimoja kikianguka, uzito ule hushikilia masafa ya umeme kwa sekunde chache, yasishuke ghafla kutoka mizunguko 50 kwa sekunde, na sekunde hizo ndizo zinazowapa wengine nafasi ya kuongeza nguvu. Sola na mitambo mingi ya upepo ya leo hupitia inveta, na inveta ya kawaida hufuata tu masafa inayoyakuta, haina uzito wa kutoa. Kuna inveta za aina nyingine, zinazoshirikiana na betri kuyatengeneza masafa zenyewe. Hizo ndizo tunazozitafiti sasa na wanafunzi wangu, kwenye meza, kwa mzigo wa kweli, ndani ya chumba ambacho kiyoyozi tumekizima kwa makusudi.

Anayetaka kuja kusoma nasi, namwomba aje kwanza wiki mbili akiwa na bisibisi na daftari, kabla ya kuniandikia pendekezo. Akijua kusoma ankara na kuzungumza na wazee itamfaa kuliko alama za juu peke yake. Asimlipe fundi asiye na leseni ya EPRA, mamlaka ya Kenya inayosimamia nishati, hata kama ni binamu yake. Na akikosea, aniambie siku hiyohiyo.

Yule muuguzi amestaafu. Aliyemfuata hunitumia ujumbe kila asubuhi saa moja, tarakimu moja tu, joto la friji. Miaka yote huwa ni 4 au 5. Jumatatu iliyopita ilikuja 6, Jumanne 7. Nikampigia, akapapasa mlango akiwa kwenye simu, akaniambia mpira umepasuka pembeni chini, pale mkono unaposhika. Jumamosi wanafunzi wawili wanakwenda na mpira mpya. Nimewaambia walale huko, wasome joto kila saa usiku kucha, na wamuulize mfagiaji mlango hufunguliwa mara ngapi, na kwa sababu gani.